Kirago, udongo na nusu kikombe cha maji: kazi za mikono kwa watoto wadogo wa Masisi na Walikale

Katika vilima vya Masisi, mama hupima maji kabla ya kupima kitu kingine chochote. Bidoni ya lita 20 imepanda kutoka bondeni mgongoni mwake, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, na humo mna maji ya kupikia maharagi, ya kunywa, ya kunawa na ya kuogesha watoto. Sabuni ni ya kununua. Mtoto wa miaka miwili huenda ana nguo mbili tu, na kwa baridi na mvua za huko juu, nguo iliyofuliwa leo asubuhi inaweza kufika kesho kutwa ikiwa bado na unyevu. Ukimwambia mama huyo amwachie mtoto rangi ajipake atakavyo kwa kuwa zinamfungua akili, atakuitikia kwa adabu, kisha atafanya lililo la busara: hatampa.

Ushauri mwingi wa malezi unaozunguka kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye bomba jikoni na duka la vifaa mtaa wa pili. Humo unga wa ngano huchanganywa na chumvi na mafuta ili mtoto afinyange, mchele hutiwa rangi ili auchezee, na jioni vyote hutupwa. Nyanya wa Kitchanga au wa Pinga akiona unga unachezewa atauliza watu watakula nini usiku, na swali lake ni la haki. Tumkubalie bila ubishi. Mahali ambapo njia ya kwenda shamba inapitia kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki, chakula si cha kuchezea. Ila tukimkubalia hilo tusimnyime mtoto kazi ya mikono, kwa sababu vitu vinavyofaa vidole vya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu vimejaa nyuma ya nyumba, havigharimu faranga hata moja, na vingi havichafui kupita viganja.

Masisi na Walikale ni wilaya jirani za Kivu Kaskazini, lakini hazifanani kwa sura. Masisi ni nchi ya juu: malisho, ng'ombe, jibini inayosifiwa hadi Kinshasa, mashamba ya viazi na maharagi, mikalitusi na mianzi. Walikale ni msitu: mto Lowa na vijito vyake, michikichi, mihogo, matete, na machimbo ya kasiterite, madini ya bati, ya Bisie. Mgomba upo kote kuwili, na nitarudi kwake, kwani kwa mtoto mdogo hakuna mti unaoushinda.

Kabla ya kumpa mtoto chochote, tazama mkono wake. Karibu na mwaka mmoja anaweza kuokota punje kwa kidole gumba na cha shahada, na hapo ndipo furaha yake ilipo: kuokota, kutia ndani ya kitu, kumwaga, kuokota tena. Karibu na mwaka mmoja na nusu anashika kijiti kwa ngumi nzima na kuchora kwa bega. Mkono wote unakwenda na kurudi kama wa mtu anayefagia. Duara lililofungwa huja baadaye, wengi wakikaribia miaka mitatu. Rhoda Kellogg, mwalimu wa Marekani aliyekusanya michoro ya watoto kwa mamia ya maelfu, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kwamba mikwaruzo hiyo ya mwanzo ina aina 20 za msingi, na kwamba watoto wa nchi mbalimbali huipitia kabla hawajachora mtu wala nyumba. Kwa hiyo mwana wa Rubaya anayekwaruza ukuta kwa kipande cha kaa yuko kazini. Usimwulize amechora nini. Hajachora kitu, amechora mwendo. Mwambie unachokiona: umevuta mstari mrefu, huu umezunguka, hapa umebonyeza kwa nguvu. Maneno hayo machache anayaelewa, na kesho utayasikia yakitoka kinywani mwake.

Usimtarajie akae saa nzima. Dakika tano, nane, kumi, kisha anasimama na kwenda zake. Hiyo ni tabia ya umri, wala mchezo haujashindwa.

Jambo la kwanza ni kirago. Mwalimu Mwitaliano Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Rome, tarehe 6 Januari 1907, alipokea watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Katika shule zinazofuata njia yake mpaka leo, mtoto hutandika kwanza mkeka wake mdogo chini, na kazi yake yote hubaki juu ya mkeka huo. Masisi na Walikale mikeka ipo tangu zamani. Chukua kirago kilichochakaa, au gunia lililopasuliwa, na ukiweke kwa ajili hiyo tu. Kikitandikwa, mtoto anajua mchezo umefika; kikikunjwa, umekwisha. Takataka zote zinabaki juu yake, unakikung'uta nje, basi. Mtoto wa miaka miwili anaweza kufundishwa kukikunja mwenyewe, na kwa wengi kukunja kwenyewe ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Mchezo ambao ningeuweka mbele ya mingine yote ni kupaka maji. Nyumba nyingi za Masisi ni za mbao, na ubao mkavu ukiguswa na maji hugeuka rangi papo hapo, ukawa wa kahawia iliyokolea, kisha hurudi ulivyokuwa baada ya dakika chache. Mtilie mtoto maji nusu kikombe katika kopo la nyanya lililopondwa kingo zake ili zisikate. Yanaweza kuwa maji yaliyooshea kabeji, alimradi si machafu. Brashi unaitengeneza kwa kipande cha mgomba: kata kipande kama urefu wa kiganja, ponda ncha moja kwa jiwe mpaka nyuzi ziachane, acha ncha nyingine iwe mpini. Mtazame anavyofanya. Anachovya, anainua, matone yanamwangukia mguuni, anashangaa. Anapiga ubao mara moja na kusimama akitazama weusi unavyotokea. Kisha anagundua kwamba akivuta brashi kutoka juu kwenda chini mstari unamfuata, na kuanzia hapo hakuna wa kumwita. Ubao ukikauka anaanza upya, akidhani ukuta wenyewe umefuta. Hakuna nguo iliyoharibika, hakuna karatasi iliyotumika, na bidoni imepungukiwa na nusu kikombe tu. Palipo na jiwe la volkano, kama huko Sake, jiwe linafanya kazi ileile. Kwenye nyumba ya udongo tumia bati au mlango, kwa sababu ukuta wa udongo ukiloweshwa kila siku utamomonyoka.

Kaa la moto lililozimika ni kalamu ya bure, na akina mama wanalichukia kwa sababu moja: linaacha weusi mpaka kwenye masikio. Lifunge kwa ukanda wa jani kavu la mgomba, ulizungushe mara nne au tano na kukaza kwa uzi, ukiacha ncha ndogo tu nje. Mtoto anashika jani, kaa linashika karatasi. Karatasi si lazima iwe ya daftari. Sanduku la sabuni au la biskuti likifunguliwa na kulazwa, upande wake wa ndani unatosha kwa wiki nzima. Kama kuna chaki na ubao mdogo wa shule ambao yaya yake, yaani kaka au dada yake mkubwa, ameuacha, ni bora zaidi. Jani bichi la boga au la maharagi likisuguliwa kwenye sanduku huacha rangi ya kijani, na mtoto wa miaka miwili na nusu akilijua hilo atasugua kila jani la uwanjani kuona lipi linatoa rangi na lipi halitoi. Mifuko ya saruji iachwe kando hata kama karatasi yake inaonekana nzuri. Vumbi la saruji huunguza ngozi na macho.

Sasa udongo. Najua kwamba kwa wengi udongo ndio uchafu wenyewe, lakini ukweli ni kwamba udongo wa mfinyanzi uliotayarishwa vizuri hauchafui kuliko uji. Siri iko kwenye unyevu. Viringisha kipande kiwe chembamba kama kidole, kisha kikunje: kikipasuka, ongeza maji matone machache, kikinata kiganjani, kiache kipumue juani kidogo. Kikikunjika bila kupasuka wala kunata, mpe mtoto. Mwandalie juu ya jani bichi la mgomba, ambalo udongo haulishiki. Akimaliza, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza maji bure, usikimbilie kumwosha. Ukisugua udongo mbichi unausambaza; ukiuacha ukauke kwenye mikono unapukutika wenyewe kwa kupangusa na kitambaa kikavu, halafu maji kidogo na sabuni vinamalizia. Bonge lililobaki lifunge kwa jani bichi na ulitie kwenye mfuko, litakaa laini siku nyingi. Kazi iliyovunjika inarudi kwenye kopo la maji, inalala humo, na kesho ni udongo uleule.

Wanaoufahamu udongo huu kuliko wote ni akina mama wa Batwa, wanaoitwa pia Wambuti, ambao katika milima ya Maziwa Makuu wamekuwa wafinyanzi wa vyungu tangu zamani. Wanajua bonde lipi lina udongo laini na lipi lina mchanga. Anayetaka udongo mzuri wa kuchezea mtoto amwulize mama wa namna hiyo, na amlipe, hata kama ni kwa kibaba cha maharagi.

Watoto wachungaji wa Masisi hawahitaji kufundishwa la kufinyanga, wanafinyanga ng'ombe. Mwili ni bonge refu, miguu minne mifupi na minene ili asimame, nundu ikiwa anayo, na pembe mbili zinazopachikwa mwisho kwa sababu ndizo zinazovunjika kwanza. Mtoto wa miaka miwili hawezi hayo, wala asilazimishwe. Kazi yake ni nyingine: anabonyeza kwa kidole gumba na kutoboa mashimo, anachomeka vijiti, anaviringisha vipande vidogo na kuvipanga mbele ya ng'ombe wa yaya yake akisema ni majani, au akisema ni mavi, na vyote viwili ni kweli malishoni. Hapo amekwisha kuingia katika kazi ya nyumba yake. Ng'ombe wakaushwe kivulini, mbali na moto, moto huwapasua.

Udongo una masharti yake. Uchimbwe chini, kina cha kufika gotini, mbali na choo na zizi, kwa sababu juu kuna mayai ya minyoo na mtoto wa umri huu hutia kila kitu kinywani. Kwa walio upande wa Sake kuna jambo zito zaidi. Ardhi ya huko ina mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini na kujaa kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hulala chini, na anayedhurika kwanza ni aliye mfupi. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu ilhali mtoto aliyechuchumaa miguuni pake anazimia. Usichimbe udongo ndani ya shimo linalojulikana kuwa na mazuku, na usimwache mtoto achezee humo hata dakika moja.

Nilisema nitarudi kwenye mgomba. Watoto wakubwa hufunga majani yake makavu kuwa mpira, na mpira huo umechezewa uwanja kwa uwanja katika Kivu nzima. Kwa mdogo, raha iko kabla ya mpira: kuchana. Jani kavu la mgomba linachanika kwa mstari ulionyooka, linatoa sauti, na halikati. Mpe rundo na kikapu. Atachana, atajaza, atamwaga. Ukichoka, vipande vyote vinawashia moto wa jioni. Ganda la shina nalo linatoa kamba nzuri, na kwa kamba hiyo, kitambaa cha kikwembe na gunzi la mahindi, nyanya yeyote atamtengenezea mtoto mwanasesere: gunzi ni mwili, nyuzi ni nywele, kikwembe ni nguo. Mtoto atamfunga mgongoni na kutembea naye uwanja mzima akimbembeleza. Huyo mwanasesere hana mdomo wa plastiki wala macho ya vifungo, na ndivyo inavyotakiwa, maana jicho la kifungo liking'oka huishia kooni.

Mwanzi nao una kazi yake. Ukatwe kwa msumeno kuwa vipete vinene, upana wa vidole viwili vya mtu mzima, kingo zisuguliwe kwenye jiwe mpaka ziwe laini, kisha mtoto avitunge kwenye kamba iliyofungwa kijiti upande mmoja. Kutunga kunamfundisha mikono miwili kufanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, jambo gumu kwa umri huo, na hakuachi alama yoyote sakafuni. Huko Walikale ambako nyuzi za rafia na majani mapana ya msituni ya kufungia chakula ni mengi, kuna mchezo wa kufunga: mpe mtoto jani na jiwe kubwa safi, afunge kama mama anavyofunga chakula kabla ya kukipika, afungue, afunge tena. Kikapu chenye matundu mapana kikigeuzwa chini juu kinakuwa mchezo wa kuchomeka vijiti. Chupa ya maji ya nusu lita yenye punje chache za mahindi, kifuniko kikikazwa na mtu mzima na kufungwa juu kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, inakuwa kayamba.

Midundo ya namna hiyo ina ukoo wa heshima. Walikale ni nyumbani kwa Wanyanga, na utenzi wao wa Mwindo, ule wa mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ulinakiliwa kutoka kwa mtambaji Candi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mtambaji wa Mwindo hasimulii katika ukimya; anaimba na kucheza huku vijana wakipiga kijiti kikavu kilicholazwa juu ya vijiti vidogo ili kitoe mlio. Chombo hicho kinaweza kutengenezwa kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kabla uji haujapoa: kipande cha mwanzi kikavu, vijiti viwili vya kukiinua kutoka chini, na vijiti viwili vifupi vya kupigia. Mama akiwa anatwanga majani ya mihogo ya sombe, mtoto anapiga mwanzi pembeni akifuata mchi. Uchafu ni sifuri. Kelele zipo, bila shaka, na ningemwomba baba azivumilie.

Lazima niseme pia vitu visivyofaa, kwani Masisi na Walikale kuna hatari ambazo vitabu vya malezi vya kawaida havizitaji. Chupa na makopo ya dawa ya kunyunyizia viazi visigeuzwe kuwa vya kuchezea hata vikioshwa mara kumi. Vitobolewe na kufukiwa. Vivyo hivyo chupa zilizobeba petroli. Chuma chochote kilichookotwa shambani au njiani kiachwe palepale: vita vimeacha risasi, maguruneti na mabomu ambayo hayajalipuka, na ganda la risasi linalong'aa humvutia mtoto kuliko kitu kingine chochote. Wakubwa waambiwe wazi wasilete chuma cha namna hiyo nyumbani kwa ajili ya mdogo wao. Kuhusu ukubwa wa vitu, unganisha ncha ya kidole gumba na ya shahada. Kila kinachopita katika duara hilo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, ukianzia na maharagi makavu ambayo hupenda kuingia puani na kuvimba humo. Betri za redio ziwekwe juu kabisa. Na kwa sababu ya ugonjwa wa mpox, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 na kuiondoa dharura hiyo Septemba 2025, huku kipindupindu nacho kikirudi kila mara, vinavyochezewa na watoto wa nyumba tofauti vioshwe kwa sabuni, na visivyooshika kama gunzi na majani vichomwe na kutengenezwa vipya. Hiyo ni faida nyingine ya vitu vya bure: kuvitupa hakuumi.

Je, kuna ushahidi kwamba makopo na magunzi haya yanafaa kitu? Upo, tena wenye nguvu. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston huko Jamaika, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa mtaani, ambao walikaa na mama na mtoto kama saa moja, wakicheza kwa vitu vilivyotengenezwa kwa chupa, masanduku na vitambaa. Vitu vile viliachwa nyumbani na kubadilishwa wiki iliyofuata. Watoto hao walipofika umri wa miaka 22, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Wahudumu hawakupeleka kompyuta wala vitu vya duka. Walimfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto, na wakampa cha kuanzia.

Kwa Kivu Kaskazini somo hilo ni la karibu sana, maana jimbo hili ni miongoni mwa yale yanayosumbuliwa sana na udumavu, licha ya rutuba ya ardhi yake. Chakula kinakuja kwanza, na mchezo haushibishi. Lakini mtoto aliyekosa chakula cha kutosha ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumwangalia machoni na kumpa kazi ya vidole, kwa sababu njaa humfanya awe mkimya, na mtoto mkimya husahaulika pembeni watu wakidhani ametulia.

Halafu kuna kukimbia. Tarehe 4 Januari 2025 Masisi mjini iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwishoni mwa mwezi huo ikawa Goma. Tarehe 19 Machi wapiganaji hao wakafika Walikale mjini, kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Familia za Masisi zilizokuwa zimejificha katika kambi za Bulengo na Lushagala, karibu na Goma, ziliamriwa Februari kurudi zilikotoka, na nyingi zilikuta nyumba zimebomoka. Mtoto wa kambi hizo aliyezaliwa mwanzoni mwa 2023 alijifunza kutembea juu ya mawe ya volkano, chini ya hema la plastiki. Kwa mtoto wa namna hiyo mchezo unaorudi kila siku saa ileile, kirago kilekile, kopo lilelile, ni kitu kimoja cha maisha yake ambacho hakijahamishwa. Kirago kinakunjika na kubebwa. Kopo na brashi ya mgomba vinapatikana popote watakapolala.

Swali gumu ni la nani akae na mtoto. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Akina baba wengi wako machimboni Rubaya au Bisie, wengine wamekimbia, wengine hawako tena. Anayebaki na mdogo ni yaya wa miaka minane au kumi, naye akirudi shuleni ana maji ya kuchota. Sioni haya kusema kwamba yaya huyo ndiye mwalimu wa kweli wa awali katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale. Shule ya awali, maternelle, hupokea watoto kuanzia miaka mitatu, na vijiji vingi havina hata moja. Basi afundishwe yeye. Akionyeshwa mara moja jinsi ya kuponda brashi, kupima udongo kwa kukunja, kufunga kaa kwa jani, na kuambiwa vitu gani asimpe mdogo wake, atayafanya vizuri kuliko sisi, kwa sababu bado anapenda kucheza. Na baba aliyepo jioni anaweza kukata vipete vya mwanzi kwa panga na msumeno alionao. Hiyo ni kazi ya mwanaume isiyo na aibu yoyote, sawa na kuchonga chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ambayo wavulana wa Kivu hujifunza kwa kuitengeneza ndogo kabla ya kubwa.

Mashirika yanayohudumia watoto huleta masanduku ya vitu vya kuchezea. Sanduku la UNICEF la malezi ya utotoni limepangwa kutosha watoto 50, na ni zuri, limefikiriwa na watu wanaojua kazi yao. Lakini likitoka Goma kwenda Walikale linakutana na barabara ambayo malori hulala kwenye tope, njia ambayo kwa miaka kadhaa ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami yake huko Kilambo ili kubeba kasiterite, kwa kuwa kusafiri kwa gari ilikuwa shida. Sanduku likifika, linafungwa kwenye stoo ya kituo ili lisiibwe, na mtoto wa miaka miwili wa Ntoto halioni. Fedha ileile ingeweza kununua chaki na sabuni kwa vijiji kadhaa, kumlipa mfinyanzi wa Batwa kwa udongo aliouchagua na kuuchuja, kumlipa msuka virago vidogo, na kumpa mhudumu wa afya anayepita kupima uzito wa watoto robo saa ya ziada kwa kila nyumba, akae chini na kuonyesha. Orodha hiyo ningeitaka iandikwe pamoja na nyanya na akina yaya wa vijiji vyenyewe, si Goma wala Kinshasa, na ianze na sabuni.